Ndoo, gunia na moma: mbwa wawili tuliowafundisha kukwepa nyoka kwa vipande vya maini

Kabla sijaanza

Majina nimebadilisha yote, ya watu na ya mbwa, na shamba lenyewe sitasema liko wapi zaidi ya kwamba ni Pwani ya Kenya, kaskazini ya Mombasa, ndani ndani huko ukishaacha lami. Mwenye shamba amenikubalia niandike, sharti lake moja tu, nisijisifu. Basi sitajisifu, manake humu kuna makosa mawili makubwa ya kwangu mimi, na moja ambalo hata leo sijui niliite kosa au niliite usiku mbaya tu.

Hali niliyoikuta

Mwenye shamba nitamwita Mwalimu, ndivyo kila mtu kule anavyomwita, ni mama mstaafu, anaishi peke yake kwenye ekari tatu hivi za mikorosho na miembe, minazi kidogo, banda la kuku nyuma ya nyumba, na pembeni ya banda rundo la makuti ya kuezekea ambalo mtalisikia tena mbele. Mlinzi wake ni Mzee S, amekaa hapo miaka 12.

Mbwa walikuwa watatu. Mkubwa wao, Chui, asubuhi moja mwanzo wa masika alitia pua kwenye majani chini ya mwembe akarudi analia, uso unavimba, na nusu saa baadaye kichwa kilikuwa kama cha mnyama mwingine kabisa. Alikuwa ni moma, wengine mnamwita kifutu au bafe, yule mfupi mnene wa mabaka anayelala tu njiani kama gogo. Wakamwekea lile jiwe jeusi (ambalo ni mfupa uliochomwa tu, halinyonyi sumu yoyote), wakamfunga kamba shingoni sumu isipande, na wakasubiri hadi jioni ndo daktari wa mifugo akafika. Dawa ya sumu hakuwa nayo, na hata wenye nayo chupa moja ni bei, na mbwa hapewi kidogo ati kwa kuwa ni mdogo, manake dawa inapimwa kwa sumu iliyoingia na sio kwa kilo za mgonjwa. Chui akafa alfajiri.

Wakabaki Bosi na Pendo. Bosi ni dume la miaka minne, chotara wa Jeman shefadi, mwili mkubwa, kelele nyingi, akiona kitu kinajikokota anakirukia. Pendo ni jike la kienyeji la mwaka na nusu, jembamba, halibweki ovyo, lenyewe linanusa. Ukiniuliza yupi alikuwa hatarini zaidi ningesema Pendo, sababu Bosi akikutana na nyoka utamsikia, Pendo utamkuta keshaumwa.

Mwalimu alinipigia siku ya tatu baada ya msiba wa Chui. Swali lake lilikuwa fupi, "Kijana, hawa wanafundishika au niwape watu?"

Kola ya shoti, na kwa nini tuliikataa

Kabla hata sijafika, mtoto wa Mwalimu aliye Arizona kule Marekani alikuwa ashatuma meseji za sauti kama sita. Kule wana nyoka wa njuga mkiani na mbwa wengi wanafundishwa kwa kola ya shoti, mbwa anapelekwa mbele ya nyoka aliyefungwa mdomo au aliye ndani ya kitundu, akisogeza pua tu anapigwa shoti ya umeme shingoni, mara mbili tatu basi, anakuwa hataki tena kuona nyoka. Kijana alikuwa tayari kununua kola na kuituma.

Sitasema haifanyi kazi. Mbwa wengi inawafanyia, na inamalizika asubuhi moja, wakati ile ya kwangu inakula wiki kadhaa na nyoka hawasubiri ratiba ya mtu. Mwalimu alinibana hapo hapo na alikuwa na haki ya kunibana.

Kilichonifanya nikatae ni Bosi mwenyewe. Mzee S aliniambia siku moja alimchapa kwa fimbo asimkimbize mbuzi wa jirani, na Bosi badala ya kurudi nyuma akamshika yule mbuzi mguu. Yani maumivu kwake ni mafuta kwenye moto. Sasa mbwa wa hivyo umpige shoti akiwa nusu mita na nyoka, unajuaje ataruka nyuma na sio mbele? La pili, mbwa hasomi akilini mwako, anaunganisha maumivu na chochote kilicho mbele yake dakika ile, kama ni nyoka sawa, kama ni mjukuu wa Mwalimu anayepita na ndoo basi ni mjukuu. La tatu ni la kawaida tu, mimi nikishaondoka nani atashika rimoti? Kuna nchi zimekataza kola hizo, Wales walizipiga marufuku tangu 2010, lakini kusema ukweli sio sheria ya Wales iliyotuamulia, ni yule mbuzi.

Tukakubaliana maini. Na tukakubaliana kwamba kabla ya somo lolote tunasafisha: nyasi zikatwe, mawe yaliyorundikwa yaondoke, chakula cha kuku kiingie kwenye pipa lenye mfuniko, manake punje zinaleta panya na panya ndo wanaleta nyoka. Yote yakafanyika isipokuwa makuti. Mwalimu alisema fundi wa paa anakuja wiki ijayo, tuyaache hapo hapo. Fundi alikuja baada ya miezi mitatu.

Gunia na kopo

Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza. Hatumfundishi mbwa kuogopa nyoka. Tunamfundisha kwamba nyoka ni ishara, kama vile kengele ya shule ilivyo ishara, ukimuona au ukimnusa geuka, kimbia mpaka kwenye gunia lililotandikwa barazani, huko kuna kitu kitamu kuliko chochote utakachopata kwenye majani. Hakuna anayemwita, nyoka mwenyewe ndo anamwambia "nenda nyumbani".

Wiki ya kwanza hakukuwa na nyoka wala harufu yake, ilikuwa gunia tu. Mbwa akikanyaga gunia analipwa, akiwa mbali akiligeukia analipwa, akiacha kuku akaja gunia analipwa mara tatu. Maini yalichemshwa bila chumvi, yakakatwa kama punje za mahindi, na chakula cha kawaida tukakipunguza kidogo wasinenepe.

Hapo ndo likaingia jambo ambalo sikulipanga. Mzee S ni Mwislamu, mate ya mbwa kwake ni najisi, yakimgusa anaosha mara saba na moja yake kwa mchanga kabla hajaswali. Mimi nilikuja na mpango wangu wa kulisha mkononi. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema kwa upole, "Mwanangu, hilo la mkononi mimi siliwezi. Nitawarushia." Akaleta kopo tupu la maziwa ya unga na kijiko cha mbao, akawa anagonga kopo ti-ti halafu anarusha kipande kwa kijiko mpaka juu ya gunia. Mimi nilikuwa nimebeba kile kidude cha kubofya wanachotumia walimu wa mbwa, siku ya pili nikakirudisha kwenye begi. Kopo lilikuwa linasikika shamba zima, na kurusha kulikuwa bora kuliko mkono, manake mkono unamleta mbwa kwa mtu na kijiko kinampeleka kwenye gunia, na sisi shida yetu ilikuwa aende mbali, sio atuzunguke miguuni. Mpaka wiki inaisha, ti-ti ya Mzee ilikuwa na nguvu kuliko jina la mbwa.

Ndoo

Wiki ya pili tukaingia kwenye harufu. Kuna mtu nafahamiana naye anafuga nyoka wa maonyesho, akanipa magamba waliyojivua nyoka wake, la moma, la fira na la nyoka wa nyumbani yule asiye na sumu. Nikatoboa ndoo, nikaweka gamba ndani kwa glavu, nikafunika, nikaiweka kwenye majani. Mbwa yuko kwenye kamba ya mita kumi, analegezewa, asivutwe. Akifika mahali akasimama au masikio yakabadilika au pua ikaanza kufanya kazi, Mzee anagonga kopo, mbwa anageuka, gunia, maini.

Siku nne tu, Bosi akiona ndoo anageuka mwenyewe bila kopo. Nikampigia Mwalimu simu nikamwambia mambo yanakwenda. Nilijisikia fundi kweli kweli.

Siku ya tano Mzee akaniuliza, "Mwanangu, huyu anakimbia nyoka au anakimbia ndoo?"

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Tukaweka ndoo tupu. Bosi akageuka, mbio, gunia. Tukaweka glavu peke yake juu ya kisiki, bila ndoo, bila gamba. Pendo akainusa kwa mita mbili, akageuka, gunia. Yani mbwa mmoja alikuwa amesoma ndoo na mwingine amesoma glavu zangu za raba, na nyoka hakuna aliyemsoma. Siku nne za maini nimefundisha mbwa kukwepa vyombo vya plastiki.

Tukarudi nyuma. Safari hii vyombo vikawa vingi, ndoo, kikapu, pakacha, kipande cha bomba, tundu la kisiki, na vingi vyake vikawa na vitu vingine: manyoya ya kuku, glavu mpya, kipande cha mpira wa maji, kamba ya mkonge, au hakuna kitu. Gamba likawa linashikwa kwa koleo la jikoni ambalo tulilichemsha kila siku. Na mimi ninayejua gamba liko wapi nikatoka kabisa uwanjani, kwa sababu mbwa wanakusoma, ukikaza pumzi tu wanajua. Anayeshika kamba hajui, anayegonga kopo anaangalia dirishani ambapo nimesimama, nikinyanyua mkono anagonga. Mbwa akiligeukia pakacha lenye manyoya ya kuku halipwi, haadhibiwi pia, anaitwa tu tunaendelea.

Hii iliwachukua wiki mbili na nusu badala ya siku nne. Bosi ilimchosha, kuna siku alilala chini akakataa kutembea, na haki yake, tulikuwa tunapita dakika kumi. Tukapunguza zikawa tano.

Pendo anafungua duka

Wiki ya sita tulikuwa kwenye macho, nyoka wa raba wa ukubwa tofauti, mwingine tumemfunga uzi tunamvuta taratibu kwenye nyasi. Pendo alikuwa hodari mno. Anaona, anageuka, anafika gunia kabla kopo halijagongwa.

Kisha Mwalimu akanitumia video ya saa moja asubuhi, bila mimi wala Mzee, Pendo anatoka barazani, anazunguka miembe yote mmoja mmoja, anaingiza kichwa kwenye kila kichaka, anarudi mbio kwenye gunia, anakaa, anaangalia mlango. Halafu anaondoka tena. Mara sita kabla ya chai. Mwalimu ameandika chini, "Huyu anatafuta nyoka au ni macho yangu?"

Ni kweli alikuwa anatafuta. Nilikuwa nimemlipa vizuri sana kwa kukutana na nyoka, na mbwa mwenye akili akishajua nyoka analeta maini kwa nini akae amsubiri? Amtafute. Kwake nyoka alikuwa ndo ufunguo wa duka. Hili watu wanaofundisha kwa chakula wanalijua kwa vitu vingine, mtoto wa mbwa anayeokota soksi makusudi ili aambiwe "acha" apewe biskuti, lakini soksi haitemi sumu.

Nilifikiria kuacha kabisa. Tukabadilisha mambo matatu kwanza. Nyoka wa raba wakawa wachache, mara moja au mbili kwa somo, na siku nzima nzima zinapita bila hata mmoja. Malipo yakafuata umbali, akigeuka akiwa mita nne au zaidi anapata rundo la maini, akigeuka akiwa karibu anapata kipande kimoja kikavu, akiwa ndani ya mita moja anaitwa na hapati kitu. Na la tatu, ambalo nadhani ndo lilisaidia kuliko mengine, Mzee akaanza kulipa matembezi ya bure, yani Pendo anatembea tu naye kwenye njia katikati ya shamba bila kuingia majanini, ti-ti, kipande. Baada ya wiki mbili ile misako ya asubuhi ikapungua ikawa mara moja, siku nyingine hakuna. Haikuisha. Niandike hilo wazi, mpaka leo Pendo ana tabia ya kukagua, tofauti ni kwamba anakagua kutoka mbali.

Nyoka hai

Wiki ya nane yule rafiki wa nyoka akaja na nyoka wa nyumbani, asiye na sumu, ndani ya boksi la plastiki linaloonyesha, lenye matundu madogo. Wapo wanaoleta nyoka mwenye sumu aliyefungwa mdomo kwa tepu, mimi nilikataa, kwanza kwa sababu ya nyoka mwenyewe, pili tepu ni tepu. Tukafanya kivulini robo saa tu, boksi limefunikwa gunia lingine mpaka mbwa afike mita sita.

Bosi aligeuka mara moja. Pendo alisimama, akaangalia, akaangalia kopo, akageuka. Nikaridhika nikamwambia Mwalimu tumefika mahali pazuri. Na neno "pazuri" nililitumia mapema.

Siku ya moma

Wiki ya kumi na moja, mvua imenyesha usiku, saa mbili asubuhi Mzee anatembea na mbwa wote wawili bila kamba kupita nyuma ya banda. Pendo yuko mbele. Anapita kando ya lile rundo la makuti, pua iko chini, anaendelea, anapita. Bosi nyuma yake anasimama ghafla. Mzee anaangalia anachoangalia Bosi na anaona moma amejikunja pembeni ya makuti, hata nusu mita haifiki kutoka pale Pendo alipopita.

Bosi akageuka, akakimbia, Mzee anasema alimpita kama gari. Pendo aliposikia mbio akageuka nyuma kuona kuna nini, yani anarudi kule kule kwa moma, na moma sasa amejaa upepo anatoa ile sauti ya pumzi. Mzee akagonga kopo. Pendo akazunguka kwa mbali akaenda gunia. Mzee aliwamwagia kopo zima.

Mwalimu alinipigia anacheka na kulia pamoja. Mimi nilifurahi nusu saa hivi halafu swali likanikaa, Pendo mwenye ile pua, aliyekuwa anagundua gamba la moma ndani ya pakacha lililofunikwa, amepitaje nusu mita na moma mzima bila hata kupunguza mwendo?

Jibu lipo, na ningelijua kabla ningepanga somo tofauti. Afrika Kusini kuna utafiti ulitoka 2015 ambapo mbwa na nguchiro wa kule walifundishwa kutambua harufu za nyoka, nyoka wa aina nyingine wakawatambua, lakini moma hai hawakumtambua. Gamba lake alilojivua walilitambua, mwenyewe akiwa amelala, hapana. Moma ni nyoka wa kuvizia, analala mahali pamoja akingoja windo, na wanyama wanaowinda kwa pua wanapita juu yake. Sio macho tu anayoyadanganya, na pua pia. Kwa hio mimi nilikaa wiki tatu namfundisha Pendo harufu ya nguo aliyovua mtu ambaye mwenyewe hanuki.

Usiku wa fira

Mwezi wa nne wa mafunzo, saa nane usiku, kelele bandani. Mzee alikuwa upande wa geti, mpaka afike na tochi Pendo yuko chini anajikuna uso kwa miguu, macho yamefungwa, na fira mkubwa wa kahawia anaingia chini ya mbao. Huyo ni yule mtema mate mkubwa wa kwetu Pwani, ambaye wataalamu walimpa jina lake rasmi 2007, Naja ashei, kwa heshima ya James Ashe aliyeanzisha kituo cha nyoka Watamu. Anatema sumu zaidi ya mita mbili na analenga uso. Nakumbuka sharti langu la malipo makubwa, mita nne, mita nne, lakini usiku ule hakuna aliyekuwa anapima.

Hapa Mzee alifanya kila kitu sawa kuliko siku ya Chui. Nilikuwa nimewaandikia karatasi ikabandikwa jikoni. Alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akamshika, Mwalimu akamwaga maji safi machoni taratibu, jagi baada ya jagi, robo saa na zaidi, hakuna dawa ya majani, hakuna maziwa ya mama wala mkojo (nimeyasikia yote hayo), na asubuhi wakampeleka kwa daktari wa mifugo aangaliwe kama kioo cha jicho kimechubuka. Jicho la kushoto lilikuwa limechubuka. Akapewa mafuta ya antibayotiki, siku tisa akawa anaona vizuri. Bosi usiku ule alikuwa amekaa kwenye gunia anabweka. Hakuna aliyemlipa, hakuna aliyemuona mpaka mambo yalipotulia.

Nikiangalia nyuma

Watu wataniuliza basi imefanya kazi au haijafanya. Kwa Bosi imefanya, tena yeye ndo niliyekuwa na wasiwasi naye kwenye hasira. Mbwa aliyekuwa anarukia kila kinachojikokota sasa anakimbilia gunia, hata gizani, hata akiwa hana wa kumwita. Ninavyoona mimi ni kwa sababu Bosi alifundishwa kwa macho zaidi, na moma aliyekunjwa anafanana na moma wa raba aliyekunjwa.

Kwa Pendo kilichomuokoa siku ya moma sio somo la nyoka, ni kopo. Ni kule kuitika tu. Wiki ya kwanza niliyoiona kama ya matayarisho ndo iliyofanya kazi, na ningekuwa na kisa hiki upya ningekaa kwenye gunia na kopo wiki tatu nzima, usiku na mchana, mvua na jua, kabla sijagusa gamba. Na bandani usiku kopo halikuwepo. Harufu ya fira nina hakika aliipata, fira anatembea anatafuta mayai na vifaranga, hajifichi kama moma, ila kuku walikuwa wanapiga kelele na Pendo ana miezi na miezi ya kulinda kuku wale kabla mimi sijaja. Sikuwahi kumfundisha kukwepa nyoka wakati kuku wanalia. Masomo yangu yote yalikuwa mchana, kimya, na Mzee yuko pale. Hili ndo ninaloliita kosa siku nyingine, na siku nyingine usiku mbaya.

Kosa la ndoo lilikuwa la kijinga na linaponyeka, ukiweka vyombo vya kudanganyia tangu siku ya kwanza halitokei. La Pendo kutafuta nyoka ni zito zaidi, na anayetaka kufundisha hivi peke yake nyumbani kwa kuangalia video ningemwambia alipe umbali tangu mwanzo, na asirudie nyoka mara kumi kwa somo ati kwa sababu mbwa anapatia. Anapatia kweli, ila kitu anachopatia huenda sicho unachofikiria.

Mtoto wa Arizona alirudi na hoja yake baada ya fira, kwamba kola ingemzuia Pendo asiingie bandani. Inawezekana. Pia inawezekana ingemfanya aogope banda lenyewe, au kuku, sijui na sitajifanya najua. Nilichomjibu ni kwamba nyoka wake wa kule ana njuga mkiani, moma wetu hata harufu hana.

Kilichobadilika shambani ni hiki. Makuti yameondoka, yalipoondolewa walikuta moma mwingine mdogo chini yake. Banda la kuku limewekewa wavu wa matundu madogo chini na sakafu ya saruji. Mara moja kwa mwezi mimi au Mzee tunafanya somo moja la kukumbusha, nusu yake baada ya magharibi, na kuku tunawachokoza makusudi wapige kelele huku kopo linagongwa. Pendo usiku analala ndani ya uzio wa baraza na Bosi anazunguka nje, Mwalimu ndo aliyeamua hivyo, mimi nilitaka wote wawili walale ndani lakini Mzee alisema bila mbwa hata mmoja nje yeye hatalala macho usiku mzima peke yake, na kwa umri wake sikuwa na la kumjibu.